Maisha ya Padri Antoine Horner, Mwanzilishi wa Misioni ya Bagamoyo

Pengine mmeliona jambo hili katika kijiji chenu. Wakristu ni wachache, hata kanisa dogo la miti na udongo halijai siku ya Dominika. Lakini Padri anapokuja pamoja na katekista kupima kiwanja cha misioni, hutaka mahali pakubwa kupita haja ya siku ile. Huweka alama: hapa kanisa, hapa shule, hapa nyumba ya wagonjwa, kule makaburi, na pembeni miti ya matunda. Wazee hutazamana. Huulizana kwa sauti ya chini, je, watu wa kulijaza eneo lote hili watatoka wapi? Na miti hii ataila nani?

Swali hilo si baya. Mtu mwenye jembe moja na watoto wa kulisha ana haki ya kuuliza kwa nini atoe siku zake kwa kazi ambayo pengine hataiona ikimalizika. Basi leo twataka kuwasimulia maisha ya Padri mmoja aliyeulizwa swali kama hilo na maisha yenyewe, tena kwa ukali: kwa ugonjwa, kwa tufani, kwa ukosefu wa fedha, na mwisho kwa kifo chake mwenyewe. Jina lake ni Antoine Horner, na kazi yake ni misioni ya Bagamoyo.

Bagamoyo ni mji wa pwani ya Tanzania, unaoelekea kisiwa cha Unguja. Ni mbali sana na Kamina. Hata hivyo njia iliyoanzia huko zamani ilifika mpaka nchi zetu. Misafara ya wapagazi ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika. Wafanya biashara wa Kinyamwezi walikwenda mbele zaidi, mpaka Katanga, na mmoja wao, Msiri, akajifanya mfalme huko Bunkeya. Kwa njia ile zilishuka pembe za ndovu na shaba, wakashuka na watumwa waliofungwa minyororo. Zikapanda nguo, bunduki na baruti, na pamoja nazo ikapanda lugha hii ya Kiswahili mnayoisoma sasa. Kwa hiyo habari za Bagamoyo si habari za wageni. Katika watu waliouzwa pale pwani walikuwamo waliozaliwa ng'ambo hii ya ziwa.

Antoine Horner alizaliwa mwaka 1827 katika nchi ya Alsace, upande wa mashariki ya Ufaransa. Akaingia Shirika la Roho Mtakatifu, lile ambalo Padri François Libermann alilipa nguvu mpya mwaka 1848. Libermann alikuwa Myahudi aliyebatizwa, naye aliwataka watoto wake wa kiroho wawaendee hasa watu weusi walioonewa. Padri Horner alipelekwa kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi. Utumwa ulikuwa umekomeshwa huko mwaka 1848, na maelfu ya watu walikuwa wamepata uhuru bila kupata shamba wala nyumba wala kazi ya fundi. Huko Horner aliwahudumia watu wenye ukoma. Yafaa tukumbuke jambo hilo, kwa maana alijifunza mapema ya kwamba mtu aweza kutamkwa huru leo, na kesho asijue atalala wapi.

Mwaka 1860 mapadri wa Réunion, wakiongozwa na Padri Armand Fava, walikuwa wamefungua misioni Unguja. Mwaka 1863 kazi hiyo ikakabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, na Padri Horner akaja kuwa mkubwa wake, pamoja na mwenzake Padri Étienne Baur. Unguja wakati ule ilikuwa soko kubwa la watumwa kupita yote katika pwani hii. Wamisionari walikwenda sokoni wakawanunua watoto, hasa wale wadogo na wagonjwa waliokuwa na bei ndogo. Baadaye manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa baharini, watoto wengine waliletwa misioni bila kununuliwa. Walikuwako watu waliosema ya kwamba kununua mtumwa, hata kwa kumwokoa, ni kumtia mwuzaji moyo aende kutafuta mwingine. Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na wamisionari hawakuwa na jibu jepesi. Walikuwa na mtoto mbele ya macho yao.

Mabruda walifungua karakana katika kisiwa: uhunzi, useremala, ushonaji wa viatu. Masista waliwatunza wasichana na wagonjwa. Masista hao walikuwa wa Shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya watumwa kupewa uhuru. Nalo liliwapokea wanawake weupe na wanawake weusi waliokuwa watumwa, wakavaa nguo moja na kula meza moja. Siku zile jambo hilo lilikuwa geni katika nchi nyingi.

Lakini Unguja ilikuwa na upungufu mmoja: kisiwa ni kidogo, na kila shamba lina mwenyewe. Watoto waliongezeka. Mvulana aliyeletwa akiwa na miaka minane, baada ya miaka kumi ni kijana, atataka mke, nyumba na shamba. Mji wa watumwa utampa nini? Padri Horner alianza kutazama ng'ambo, barani. Mwaka 1866 alisafiri katika pwani akizichungua bandari zake. Mahali alipopachagua ni Bagamoyo.

Angalieni werevu wa uchaguzi huo. Bagamoyo haukuwa mji wa amani kwa Mkristu. Mashua zilizochukua watumwa kwenda Unguja zilijaziwa pale pale. Lakini ndipo ilipoishia njia ya bara. Mtu akijenga Bagamoyo, anakaa mlangoni pa nchi yote ya ndani. Padri Horner hakuitazama Bagamoyo kama mwisho wa safari. Aliiona kama kitalu cha miche, yaani mahali pa kuotesha kwanza, ili baadaye miche ipandwe mbali.

Mwezi wa Machi mwaka 1868 misioni ikaanzishwa, kwa ruhusa ya Seyyid Majid, Sultani wa Unguja. Mwaweza kustaajabu ya kwamba mtawala aliyepata ushuru katika biashara ya watumwa aliwaruhusu mapadri kujenga kijiji cha watu waliokombolewa. Ndivyo ilivyokuwa. Kiwanja kilikuwa kaskazini ya mji, katika pori, si mbali na bahari.

Sasa hapa ndipo penye somo kubwa la maisha ya mtu huyu, nasi tutakaa kidogo. Padri Horner alikuwa na pori, na watoto, na Mabruda wachache wenye shoka. Haja ya siku ile ilikuwa vibanda vya kulala na mihogo ya kula. Angaliweza kukata miti pale alipo, akajenga ovyo kama watu wanaofanya kambi ya msafara. Lakini kazi iligawanywa tangu mwanzo. Upande mmoja wa wavulana, upande mwingine wa wasichana pamoja na Masista, kanisa, karakana za kufundishia kazi, mahali pa makaburi. Na kando, kijiji cha watakaooana, ambacho watu walikiita kijiji cha uhuru: kila mume na mkewe na nyumba yao, na kipande chao cha kulima. Mahali palipokuwa pori paliwekwa minazi.

Sisi watu wa Kamina hatujui sana mnazi, basi tuueleze. Mnazi hupandwa kwa nazi nzima iliyokwisha kuota. Kati ya mti na mti huachwa hatua kama kumi, kwa sababu makuti yake huenea. Mtu mwenye pupa akibana miti, baada ya miaka kumi yote itakuwa miembamba na isiyozaa. Mnazi wa kawaida hauzai kabla ya miaka sita au zaidi. Lakini ukisha kuanza, huzaa mwaka mzima, na huendelea kuzaa miaka sitini, pengine kupita. Maana yake, mtu mwenye miaka arobaini anayepanda mnazi huwapandia wajukuu. Wakati wa kungoja, wakulima wa pwani hulima mihogo katikati ya mistari, ili tumbo la leo lisigombane na mfuko wa kesho. Shamba hilo la minazi lilikusudiwa kuilisha misioni isiyotegemea daima barua na sadaka za Ulaya.

Tena mwaka 1871 ikapandwa miembe, safu mbili ndefu, kandokando ya njia ya kuingia misioni. Mwembe hupendeza, hutoa kivuli, na matunda yake huliwa na mwenye shamba na mpita njia pia. Kutoka Réunion yalikuja mazao mengine. Kulikuwa na kahawa iliyoitwa Bourbon, kwa jina la zamani la kile kisiwa. Hiyo ilipandwa Bagamoyo, na baadaye wamisionari wakaipeleka Kilema, katika mlima Kilimanjaro. Kulikuwa na vanila pia. Mmea huu hapa kwetu Afrika hauzai wenyewe, kwa kuwa hauna wadudu wake wa kuchavusha maua. Ni lazima mtu aguse kila ua kwa mkono, kwa kijiti chembamba. Aliyegundua njia ile nyepesi ya kufanya hivyo ni mtoto mtumwa wa Réunion, jina lake Edmond Albius, mwaka 1841, naye alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Mashamba mengi yalitajirika kwa ugunduzi wake, lakini yeye alikufa maskini. Tumeitaja habari yake kwa kupita, kwa sababu ni vema jina lake lijulikane.

Misioni ilikuwa haijatimiza miaka miwili, ukaja ugonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1869 na 1870 uliipiga Unguja na pwani yote, watu wakafa kwa maelfu. Katika ramani ya Padri Horner makaburi yalikuwa yamewekwa mahali pa mwisho. Maradhi yakayafanya yawe kazi ya kwanza. Mwaka huo huo wa 1870 vita vilianza kati ya Ufaransa na Prusia, na sadaka kutoka Ulaya zikapungua. Alsace yenyewe, nchi aliyozaliwa Padri, ikachukuliwa na Wajerumani. Miembe ile ya mwaka 1871 ilipandwa na watu waliokuwa wamezika wenzao, na ambao hawakujua fedha za mwaka ujao zitatoka wapi.

Kisha, tarehe 15 Aprili 1872, ikaja tufani. Wazee wa Unguja walisimulia habari zake muda mrefu. Majahazi yalivunjika bandarini, mikarafuu na minazi ya kisiwa iliangushwa kama mtama unaokatwa kwa panga. Huko Bagamoyo upepo uliyabomoa karibu majengo yote ya misioni. Vibanda vilikuwa vya miti, udongo na makuti, havikuweza kusimama. Kazi ya miaka minne ilikwisha kwa siku moja.

Mtu aweza kusema: tazama, mipango ilimfaa nini? Nasi twasema: tazameni kilichobaki. Upepo waweza kuondoa paa, hauwezi kuondoa mipaka ya kiwanja. Njia zilikuwa pale pale. Watoto waliojifunza kukata boriti na kufua vyuma walikuwa na ufundi wao mikononi. Watu hawakuanza tena kutoka porini, walianza kutoka mahali palipopimwa.

Tena walijifunza. Mwaka huo wa 1872 ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kanisa la kwanza la mawe, ambalo ni la zamani kuliko yote yaliyojengwa na Wakatoliki katika bara la Tanzania ya leo. Kujenga kwa mawe katika pwani si kazi ya haraka. Mawe yenyewe ni matumbawe, yanayochimbwa ufukoni. Chokaa pia hutoka katika matumbawe: fundi hupanga magogo mengi kwa duara, huweka vipande vya mawe juu yake, huwasha moto, na baada ya moto kufa hubaki unga mweupe. Unga huo hutiwa maji, huachwa ulale muda mrefu. Chokaa kilichotumiwa upesi hupasuka ukutani. Dari huchukuliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu sana, vyumba vya pwani hufanywa vyembamba. Sisi tunaochoma matofali ya udongo twaijua subira hiyo: tofali lililotolewa tanuri kabla ya wakati wake huyeyuka mvua ya kwanza. Nyumba ya Masista, ya mwaka 1876, ilijengwa kwa nguvu hivi kwamba ingali ikisimama.

Wageni wengi wakaja kuiona misioni. Henry Stanley alipita mwaka 1871, akitayarisha msafara wake wa kumtafuta Livingstone. Mwaka 1873 akaja Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kwa Sultani Barghash kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa baharini. Huyo hakuwa Mkatoliki, lakini aliisifu Bagamoyo mbele ya serikali yake kuwa mfano wa kuigwa. Mwaka huo huo mkataba ulitiwa sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tarehe 24 Februari 1874 ikaingia Bagamoyo maiti ya David Livingstone mwenyewe, aliyefariki mwezi wa Mei mwaka uliotangulia katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma pamoja na wenzao walikuwa wameichukua mabegani kwa miezi mingi. Ikalazwa kanisani usiku mmoja kabla ya kupelekwa Unguja na Ulaya. Mnara wa kanisa lile la kwanza ungali upo, nao huitwa kwa jina la Livingstone mpaka sasa.

Ni haki tuseme pia yale yasiyopendeza, kwa maana masimulizi ya watu wema yakiachwa bila makosa yao huwakatisha tamaa wasomaji. Kijiji cha uhuru kilikuwa na amri nyingi. Kengele iliamsha watu, kengele ikawapeleka shambani, kengele ikawalaza. Waliooana walilima vipande vyao, lakini ardhi ilibaki ya misioni, na kazi ya misioni ilikuwa na siku zake. Baadhi ya watu waliochukuliwa utotoni, wasiokumbuka hata jina la kijiji cha mama zao, walipokuwa wakubwa walijiuliza kama wao ni watoto wa nyumba au ni watumishi wake. Katika miaka iliyofuata wako walioondoka, wengine usiku. Padri Horner alipanga vizuri nafasi ya miti na nafasi ya kuta. Nafasi ya mtu mzima kusema, hili ni langu, nitalitenda nipendavyo, hiyo ilipimwa kwa kipimo kidogo. Tukipanga leo viwanja vya misioni, na wanakijiji wakiulizwa kwanza, na mipaka ikiandikwa mbele ya chifu na serikali, ni kwa sababu wengi walijifunza kwa makosa ya namna hiyo.

Lakini ni haki vilevile kusema ya kwamba watu hao hao ndio waliokuwa wajenzi. Mapadri na Mabruda walikuwa wachache, na wengi wao walikufa vijana kwa homa. Aliyechimba jiwe, aliyechoma chokaa, aliyepanda mnazi na kuunywesha maji, alikuwa kijana au msichana aliyepata kuuzwa sokoni. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu vingi.

Sasa kitalu kikaanza kutoa miche. Mwaka 1870 Padri Horner alikuwa amesafiri mpaka nchi ya Ukami, kutazama barabara na watu wake. Mwaka 1877 ikafunguliwa misioni ya Mhonda, katika milima ya Nguru, kituo cha kwanza cha bara. Hawakutumwa mapadri peke yao. Walikwenda pamoja na familia za Kikristu za Bagamoyo, waume na wake waliojua kulima, kujenga, kuimba na kusali. Wenyeji walipotaka kujua Mkristu ni mtu wa namna gani, waliwaona watu weusi wenye nyumba na watoto. Hilo ndilo lililokusudiwa tangu siku ya kuchagua Bagamoyo, nalo lilichukua miaka tisa tangu misioni kuanzishwa. Baadaye zikafuata Mandera, Morogoro, na nyingine nyingi.

Mwaka 1878 ukaja msafara ambao sisi wa mashariki ya Kongo hatuna budi kuukumbuka. Wamisionari wa Afrika, watoto wa Kardinali Lavigerie, tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Unguja mara ya kwanza. Walikuwa wageni kabisa, hawajui bei ya kitambaa wala tabia ya mpagazi. Wenzao wa Shirika la Roho Mtakatifu waliwapokea, na mwezi wa Juni wakaondoka Bagamoyo kwenda Tabora. Wengine walielekea Uganda. Wengine wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Kutoka Ujiji wakavuka ziwa, na mwaka 1885 wakapokea kituo cha Mpala, upande wetu. Hapa Kamina Injili ililetwa baadaye na Mapadri Wafransisko, kwa njia nyingine. Lakini Kanisa la kandokando ya ziwa, lililomtoa Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo wa nyakati hizi, aliyepewa daraja mwaka 1917, lilipita mlango ule wa Bagamoyo.

Padri Horner hakuyaona hayo. Afya yake ilikwisha kuharibika kwa homa za pwani na safari nyingi. Ilimbidi kurudi Ulaya, na mwaka 1880 akafariki katika Ufaransa ya kusini, akiwa na miaka kama 52. Minazi mingi aliyoiagiza ilikuwa imeanza tu kuzaa. Padri Baur, aliyekuwa naye tangu siku ya kwanza, akaendelea na kazi. Hapo ndipo mpango hupimwa: je, ulikuwa mpango wa mtu mmoja, nao ufe naye, au wengine wanaujua na wataufuata? Mwaka 1876 nyumba ya Masista. Mwaka 1895 ikaanzwa nyumba kubwa ya mapadri, yenye veranda pande zote, na orofa yake ya juu ikakamilika mwaka 1903. Mwaka 1910 likaanzwa kanisa jipya kubwa, kwa kuwa la zamani halikutosha tena, nalo likamalizika mwaka 1914. Majengo hayo yalifuatana kwa karibu miaka arobaini, na kila moja lilikuta nafasi yake inalingoja.

Mwaka 1888 palitokea jambo lililoonyesha thamani ya eneo lile kubwa. Kampuni ya Kijerumani ilijaribu kuitawala pwani kwa nguvu. Watu wakaondoka kupigana chini ya Abushiri bin Salim. Manowari zikaupiga mji kwa mizinga, nyumba zikaungua, wanawake na watoto na wazee wakakimbia. Walikimbilia misioni, maelfu yao, Waislamu na wapagani pamoja na Wakristu. Pande zote mbili ziliiheshimu misioni wala hazikuishambulia. Wakimbizi walilala chini ya minazi na miembe iliyopandwa zaidi ya miaka kumi na mitano nyuma. Hebu fikirini kama mwaka 1868 mtu angalisema kiwanja cha nyumba sita chatosha.

Leo ile nyumba ya Masista ni nyumba ya makumbusho. Humo watu huona minyororo na picha za zamani. Makaburi ya wamisionari wa kwanza yapo, mengine ya vijana wa miaka ishirini na kitu. Kahawa iliyopitia kitalu cha Bagamoyo yalimwa katika nchi nyingi. Na ile njia ya miembe ya mwaka 1871 ingali ndiyo njia ya kuingia misioni. Mashina yake yamekuwa makubwa hata watu wawili hawawezi kulikumbatia moja. Matawi yamekutana juu, na mchana wa jua kali njia ile ni baridi. Msimu wa maembe ukifika, watoto wa Bagamoyo huja na mawe na vijiti kuyaangua.